Mpira Mkononi mwa Trésor

Siku ya kuniaga pale radio, mkurugenzi alisoma hotuba ndefu, akalikosea jina langu, kisha wakanipa saa ya ukutani, zawadi ambayo watu humpa mtu asiye na haraka tena. Nyinyi vijana wa michezo mlipiga makofi, mkaniomba niwaandikie kidogo juu ya kutangaza basket, mpira wa kikapu, katika mji huu wa Goma. Basi ninaandika. Vyeo vyangu sitavisema, maana vingine nilipewa kwa sababu mwenye cheo alikuwa amekimbia vita, na vita ilipotulia akarudi kukidai. Nitasema yale ambayo, kwa sauti zenu nzuri na simu zenu kubwa, bado hamjayajua.

Nilifika radio nikiwa msichana aliyeharibika goti. Nilikuwa nimecheza basket shuleni, kwenye lycée, goti likakataa, na mjomba wangu akaona kwamba mtoto asiyenyamaza apelekwe mahali ambapo kelele ni kazi. Mtangazaji wa michezo alikuwa Papa Célestin, mzee mwembamba mwenye koo lililokaushwa na tumbaku. Siku ya kwanza alinipeleka uwanjani, akanigeuza niupe mchezo mgongo, akaanza kutangaza. Kila baada ya muda alinyamaza na kuuliza: "Mpira uko wapi?" Nami nilijibu bila kuona, maana maneno yake yalikuwa yameniambia. Kisha akampa maikrofoni mwenzake mmoja mwenye sauti nene, ambaye wasichana wa mji walimwandikia barua. Yule bwana alinguruma, akasifu jua, akasifu viongozi waliohudhuria. Papa Célestin akaniuliza tena, "Mpira uko wapi?" Sikujua.

"Umeona?" alisema. "Mutu wa kule Sake haoni kitu. Yeye iko na masikio tu. Taja ule mwenye kushika mpira. Kama hajashika, umuache."

Vyombo vyetu vilikuwa maikrofoni moja tuliyoivika soksi ili upepo wa ziwa usiivurugie, waya mrefu uliopita juu ya mabati ya watu, na betri ya gari. Waya ulikatwa mara kwa mara na wenye kutafuta shaba. Mnaonilalamikia kwamba mtandao ni mdogo mnanichekesha.

Wakati huo mji ulikuwa mikononi mwa waasi, wale wa kwanza niliowafanyia kazi, na walikuwa na mkuu wao wa michezo ambaye hakujua idadi ya wachezaji uwanjani lakini alitaka kuhojiwa kabla ya kila mechi. Ndipo mlima wetu wa moto ukapasuka. Lava ilishuka ikapita katikati ya mji, ikachukua studio yetu, ikachukua uwanja, ikaingia ziwani ikifuka moshi. Tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, pamoja na kila mtu. Papa Célestin alibeba maikrofoni akasahau sanduku la mke wake, na mama yule alimkumbusha jambo hilo mpaka kifo kilipowatenganisha. Tuliporudi, mawe yalikuwa bado yana joto chini ya viatu. Radio ilifunguliwa tena katika nyumba ya kuazima kule Himbi, na yule mkuu wa michezo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja kuhojiwa.

Sasa sikilizeni jambo ambalo hakuna anayelikumbuka. Vijana wa mtaa wa Majengo walisimamisha vikapu viwili juu ya ile lava iliyopoa. Waliponda mawe, wakasawazisha, wakamwaga changarawe, lakini lava ni lava. Ukidunda mpira mara moja unakurudia. Mara ya pili unakwenda kwa jirani. Kwa hiyo hakuna aliyeudunda. Mpira ulikaa hewani: mkono kwa mkono, mkono kwa mkono, mpaka mmoja akabaki peke yake chini ya kikapu. Sijapata tena kutangaza mchezo mtamu kama ule. Ulimi wangu ulichoka. Majina yote yalipita hewani, hata ya wale wasiojua kutupa, na Papa Célestin, ambaye kifua kilikuwa kimeshaanza kumwua, alikaa kwenye jiwe akicheka peke yake.

Alipokwisha kuzikwa, shirika moja la wageni likatuhurumia, likamwaga saruji. Kulikuwa na utepe, mkasi na hotuba. Uwanja ukawa laini kama meza. Na juu ya meza hiyo akatokea Trésor.

Sitamnyima haki yake. Trésor alikuwa na mikono ambayo Mungu huwa hagawi ovyo. Mpira ulimtii kama mbwa. Angeupitisha nyuma ya mgongo, katikati ya miguu, akamwacha mlinzi ameshika upepo. Alikuwa meneur wa timu yetu ya pale, yaani yule anayeleta mpira mbele na kuwachezesha wenzake, na kwa miezi ya kwanza aliwachezesha kweli. Kisha mashabiki wakamwita Maestro, na tangu siku hiyo akajichezesha mwenyewe. Mpira ulipofika mkononi mwake ulikaa kama mgeni asiyejua kuaga. Alidunda, alidunda, alimtazama mlinzi, aliwatazama wasichana, alidunda tena. Wenzake wanne wakasimama kama nguzo za umeme. Timu iliyokuwa ikikimbia ikawa timu ya kutazama. Na kwa sababu mtu mmoja hawezi kukosa kila mara, walishinda mechi za kutosha kuwafumba watu macho.

Waliofumbwa zaidi ni wenzangu. Siku hizo radio ziliongezeka mjini, na kila moja ilikuwa na kijana wa kupiga kelele: "Trésoooor!" Ukifunga macho ungedhani anacheza peke yake dhidi ya Shetani. Rais wa timu, mfanyabiashara wa mafuta mwenye nyumba ya ghorofa Himbi, alipenda hivyo, maana aliona anamiliki kitu kimoja chenye jina kuliko watu watano wenye kazi. Kocha Bahati, mwalimu mpole wa mazoezi, alimwogopa rais, alimwogopa Trésor, na nadhani alimwogopa hata mtunza mipira. Nilipomwuliza kwa nini mpira hauzunguki, alijifuta jasho akajibu, "Mama Kavira, ule mutoto ni nyota." Nikamwambia nyota ziko nyingi angani, na hakuna inayozificha nyingine isipokuwa ile ya mchana, yaani jua.

Kulikuwa na mchezaji wa pembeni aliyeitwa Innocent, kijana mrefu wa Rutshuru, mpole wa maneno, mwenye mkono safi wa kutupa kutoka mbali. Kazi yake aliyopewa ilikuwa kusimama kwenye kona, mikono wazi, akingoja. Alingoja msimu mzima. Naweza kuapa kwamba alikuwa mchezaji mwenye jasho kidogo kuliko wote Kivu.

Msimu huo vita ilikuja tena, hawa wakiwa waasi wengine, wenye bendera nyingine na maneno yaleyale. Rutshuru ikaanguka. Watu walishuka kwa barabara na magodoro yao mgongoni, wakajaa Kibati, kaskazini ya mji, chini ya mahema ya plastiki. Innocent alikuwa amesikia kwamba mama yake amevuka kwenda Uganda pamoja na majirani. Alishukuru Mungu, akaendelea kusimama kwenye kona yake.

Siku moja Papa Hangi, aliyekuwa akituletea makaa kwa chukudu, lile gari lake la mbao la magurudumu mawili, kutoka huko juu, alishusha magunia langoni pa radio, akaniita.

"Mama Kavira, kuko mama moja pale Kibati anakusikilizaka kila dimanche, siku ya mechi. Wa Rutshuru. Anauliza kama Innocent iko anacheza bado."

"Anacheza. Kwa nini?"

"Ni mutoto wake. Watu walimwambia ule kijana alitoka Goma kumutafuta, akauawa mu njia. Sasa anasikiliza mechi. Anasema hasikiaki jina."

Nilikaa juu ya gunia la makaa na sketi yangu nyeupe. Nilijaribu kukumbuka nilipolitaja jina la Innocent. Labda mara moja katika mechi hii, mara moja katika ile, na mara hizo huenda betri za Kibati zilikuwa zimelala. Zamani tulisoma majina ya wachezaji kabla ya mechi kuanza. Lakini rais wa timu alikuwa amenunua dakika hizo kwa matangazo ya mafuta yake, na mimi nilipewa maikrofoni mpira ukiwa tayari umeanza, maana yake ukiwa tayari mkononi mwa Trésor.

"Mwambie mwanawe ni mzima," nilisema.

Papa Hangi akaenda, akarudi baada ya siku chache na jibu. "Anasema asante. Anasema watu walimwambia amekufa, watu wanamwambia iko muzima, na wote ni watu. Anataka asikie mwenyewe, mu radio, mechi ikiwa inaendelea."

Innocent nilimwambia siku hiyohiyo ya jibu. Alivua fulana ya mazoezi akataka kwenda Kibati kwa miguu, na hakufika mbali. Askari walikuwa wamefunga barabara. Mizinga ilisikika huko juu, na kijana mrefu wa Rutshuru aliyeonekana barabarani peke yake angeulizwa maswali na pande zote mbili. Papa Hangi naye akaacha kupanda. Yeye ni mzee, alisema, lakini si mjinga.

Mtaniuliza kwa nini sikutangaza tu: "Mama wa Innocent, mwanao ni mzima." Wakati ule wakuu wa mji walikuwa wamekataza radio zote kusoma salamu za familia, wakisema waasi huficha ujumbe ndani yake. Askari mmoja alikaa studioni, kidole karibu na kitufe, akinywa chai yetu. Michezo tu ndiyo iliyoachwa, ili mji uonekane umetulia. Na kama kuna mmoja wenu anayewaza kwamba ningebuni pasi moja kwenda kwa Innocent, nani angejua, basi amechagua kazi isiyo yake. Radio inayodanganya kuhusu pasi siku ya Jumapili itadanganya kuhusu maiti siku ya Jumatatu. Tena uwanja ulijaa watu wenye radio masikioni. Yule mama alikuwa amekwisha kudanganywa vya kutosha.

Nikamwendea Trésor. Alikuwa amekaa kwenye ngazi za uwanja, anapangusa viatu vyake kwa mswaki. Nilimweleza yote. Alisikiliza, hilo siwezi kumnyima, kisha akatabasamu lile tabasamu la picha za magazeti.

"Mama Kavira, mimi njo meneur. Siko facteur. Barua za watu wapeleke posta."

"Posta iliungua na lava," nilimwambia. "Umebaki wewe."

Alicheka. Alifikiri ninafanya mzaha.

Jumapili iliyofuata ilikuwa mechi dhidi ya timu ya Himbi, na mshindi ndiye angeingia fainali. Mizinga ya Kibati ilisikika mpaka uwanjani, lakini watu walijaa, kwa sababu nyumbani pia ilisikika. Matangazo ya mafuta yakaisha, nikapewa maikrofoni, nikaanza. Trésor anao. Trésor anadunda. Trésor amegeuka. Trésor bado. Kocha wa Himbi hakuwa mpumbavu: kila Trésor alipoushika mpira alipeleka walinzi wawili, mmoja mbele na mmoja ubavuni, wakamsukuma kuelekea mstari. Meneur mwenye akili akiwekewa watu wawili hufurahi, maana ina maana mwenzake mmoja yuko huru. Trésor alikasirika. Aliona ni mashindano ya heshima. Alijaribu kupita katikati yao, akapokonywa, akajaribu tena, akapokonywa tena, akamlalamikia mwamuzi. Na Innocent kule kwenye kona, mikono wazi, hana hata kivuli cha mlinzi karibu naye. Nilimwona. Nilikuwa nimelishika jina lake ulimini kama kipande cha kaa la moto, na sikuweza kulitema.

Wakati wa mapumziko Himbi walikuwa mbele sana. Studio ikaweka nyimbo. Niliacha maikrofoni kwa fundi, nikaingia mahali ambapo mtangazaji haruhusiwi kuingia, mbele ya benchi.

"Kocha Bahati, watu wawili wako juu ya Trésor. Wamebaki wangapi?"

"Watatu," alisema.

"Na sisi bila Trésor tuko wangapi?"

Midomo yake ilihesabu. Innocent, ambaye sikuwa nimewahi kumsikia akiomba kitu, akainua uso wake.

"Coach," alisema polepole. "Mama yangu anasikiliza."

Ni hivyo tu alivyosema. Sijui ni nini kilichomwingia Bahati. Pengine ni kwamba na yeye alikuwa na mama, au ni mizinga, au ni uchovu wa mtu aliyeogopa miaka mingi na akaona kwamba woga haumwongezei chochote. Alisimama.

"Trésor, unaenda kwenye kona. Mpira ataleta Olivier."

"Kona? Mimi?"

"Kona. Simama pale. Usiuombe."

"Basi nitaenda nyumbani."

"Nyumbani ni njia ile."

Rais alikuwa ameshateremka kutoka kiti chake chenye kitambaa, anatoa jasho la manukato. "Bahati, umekunywa? Watu walikuja kumwona nani?"

"Président," alisema Bahati, na sauti yake ikapasuka kama ya mvulana, "mukae chini. Hii ni benchi ya timu."

Na rais, kwa sababu hakuwa amewahi kuambiwa hivyo, akakaa. Alikaa kwenye ndoo ya maji.

Trésor hakwenda nyumbani. Nyumbani hakukuwa na mashabiki. Alikwenda kwenye kona, mikono kiunoni, amenuna kama bibi arusi aliyelipiwa ng'ombe pungufu. Na hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo nimelifundisha tangu siku ile: wale walinzi wawili walimfuata. Hakuwa na mpira, hakuwa hata na hamu, lakini walimfuata wote wawili kwa sababu ya jina lake. Alisimama kwenye kona akiwa na askari wake, na uwanja mzima ukabaki wazi. Mchezo wake mzuri kuliko yote aliucheza akiwa amesimama na amekasirika.

Olivier akauleta mpira. Olivier, mtu wa kawaida kabisa, kinyozi, asiyejua kuupitisha mgongoni. Kwa hiyo akauachia. Kwa Patrick. Patrick kwa Faustin chini ya kikapu. Faustin, amezungukwa, nje tena. Kwa Innocent.

"Innocent," nilisema. Nikalisema tena ili betri za Kibati zisije zikasema hazikusikia. "Innocent anao. Innocent anatupa. Innocent amekosa!"

Ndiyo, alikosa. Mikono ilikuwa imeota kutu kwa kungoja. Ya pili akakosa vilevile. Mashabiki wakapiga miluzi, wakaimba Maestro, Maestro. Bahati hakugeuka. Mpira ukazunguka tena, Olivier, Faustin, Patrick, Innocent, na safari hii ukaingia bila kugusa chuma. Baada ya hapo sikupata nafasi ya kumeza mate. Ulimi wangu ulirudi kule kwenye lava. Majina yalipishana, yakafuatana, yakarudi, na jina la Innocent lilipita katikati yao tena na tena, hai. Himbi walipochoka kukimbiza, mmoja wa walinzi wa Trésor akamwachia, na Patrick akampa Trésor mpira akiwa huru, karibu na kikapu, bila kudunda hata mara moja. Akafunga. Aliangalia mikono yake kama mtu aliyeletewa chakula bila kuagiza.

Tulishinda. Mashabiki wakaingia uwanjani, wakambeba nani? Trésor. Gazeti la mji likaandika kwamba Maestro aliwahadaa Himbi kwa kujificha kwenye kona. Rais akaniambia, maikrofoni ikiwa wazi, kwamba mbinu ile aliitoa yeye. Kocha Bahati alikuwa ameinama akikusanya mipira, na nilipomwita kwenye maikrofoni alitikisa kichwa.

Siku zilizofuata Kibati ilimwagika. Mapigano yalifika kwenye mahema na watu wakashuka Goma kwa maelfu, na Innocent akapanda akiwakabili, akitazama nyuso, akisukumwa na mbuzi na magodoro, mpaka akamkuta mama yake amekaa kando ya barabara juu ya sufuria iliyofunikwa, radio mapajani. Mimi nilikuwepo na kinasa sauti changu, lakini niliacha kukifungua. Mama alimshika uso, akamgeuza kulia na kushoto, akamkagua meno kama mtu anunuaye ng'ombe. Kisha akampiga kofi jepesi begani.

"Ulikosa mbili," alisema.

Walipanga chumba Majengo, na mama huyo alipata biashara ya maharage sokoni. Trésor alikwenda kucheza mji mkuu, ambako walikuwa na nyota wengine saba kama yeye na mpira mmoja. Sikusikia habari zake nyingi. Bahati alifukuzwa mwaka uliofuata, kwa adabu. Waasi wengine waliingia mjini wakatoka, mlima ukatapika tena, na wengine wakaingia tena, na mimi nilitangaza kila niliporuhusiwa, mpaka sauti ilipokwisha.

Jumapili iliyopita nilikaa barazani nikafungua radio. Mmoja wenu alikuwa anatangaza. Jina sitalitaja, atajijua. Ana sauti nzuri. Kipindi kizima alilitaja jina la mchezaji mmoja, akalivuta, akaliimba, akalipigia kelele, na mizinga ilikuwa ikisikika upande wa Sake. Niliisogeza radio sikioni, nikangoja. Mechi ikaisha, na mpaka sasa sijui kama wale wengine wanne wako hai.